Bustani au Baraza: Nilivyolinganisha Nyumba Mbili za Wazee kwa Ajili ya Mama

Mama alipoanguka mara ya pili akielekea chooni usiku, sisi watoto tulikubali jambo ambalo majirani walikwishaliona zamani: hawezi tena kukaa peke yake. Tukaorodhesha nyumba za wazee zinazotoa usaidizi, tukachuja, zikabaki mbili. Majina yake nayaacha. Moja nitaiita Bustani na nyingine Baraza, kwa kile kilichonipokea macho nilipofika.

Bustani ni ile ambayo ukiingia unatamani kuzeeka. Baraza ni nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, rangi imeanza kubanduka upande wa jua, na wazee wanakaa mbele wakitazama wanaopita. Ungeniuliza siku ya kwanza, ningesaini mkataba wa Bustani nikiwa bado nimesimama mapokezi. Miezi miwili baadaye tulichagua Baraza. Naeleza hapa tulivyofika huko, na pia kwa nini mtu mwenye mzazi wa hali nyingine angechagua Bustani na asikosee.

Anza na mzee, nyumba ifuate

Tulianza vibaya. Tuliuliza "ipi ni bora?" kabla ya kuuliza "bora kwa nani?" Daktari wa mama ndiye aliyeturudisha njiani. Alitupa karatasi yenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kuinuka kitandani na kuhamia kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Orodha hiyo ilitokana na kazi ya Sidney Katz na wenzake, mwaka 1963, na hadi leo inatumika kupima mtu anahitaji msaada kiasi gani. Katz aliona kwamba uwezo huo mara nyingi hupotea kwa mpangilio: kuoga hutangulia kuwa kugumu, kula hubaki mwisho. Iko na nyingine, ya Lawton na Brody ya 1969, yenye mambo 8 ya kuendesha maisha, kama kutumia simu, kufanya manunuzi, kupika, kutunza fedha na kujisimamia dawa. Hiyo hatukuishughulikia sana, kwa kuwa nyumba zote mbili hufanya karibu yote hayo kwa niaba ya mkazi. Habari ya dawa tu ndiyo nitairudia.

Mama anakula mwenyewe. Anavaa mwenyewe, mradi vifungo viwe vikubwa. Akioga anataka mtu karibu. Choo cha mchana hakimpi shida, lakini usiku anaamka mara mbili au tatu, na zote mbili alizoanguka zilikuwa usiku. Akili yake ni timamu, tena kali. Basi swali letu likawa dogo na gumu: saa tisa usiku mama akitaka kwenda chooni, nani anakuja, na anachukua muda gani?

Kila familia ina saa tisa usiku yake. Kwa mwenye mzazi anayesahau, huenda ikawa saa kumi na moja jioni, wakati wengi wenye ugonjwa wa kusahau huanza kuhangaika na kudai kurudi kwao. Kwa mwenye shida ya kumeza, ni wakati wa chakula. Nyumba ile ile yaweza kung'ara mchana na kuzembea usiku, kwa hiyo ni vema kujua unataka kuikamata wakati gani.

Na jambo moja kabla sijaendelea. Nyumba ya usaidizi si hospitali ndogo. Mzee mwenye kidonda kinachotaka muuguzi kila siku, anayelishwa kwa mrija, au asiyeinuka kitandani kabisa, mahali pake ni nyumba ya uuguzi. Ukimpeleka kwenye nyumba ya usaidizi kwa sababu ina sura nzuri, mtahama tena ndani ya muda mfupi, na kuhama kunawachosha wazee kuliko tunavyodhani.

Nilichokiandika kwenye daftari

Kila nyumba niliitembelea kwa miadi, nikarudi bila taarifa Jumapili saa kumi na mbili jioni, kisha nikaenda mara nyingine katikati ya wiki wakati wa chakula cha mchana. Halafu nikapiga simu saa tisa usiku. Ni utovu wa adabu, najua.

| | Bustani | Baraza |
|---|---|---|
| Chumba | kikubwa, choo ndani | kidogo, choo kimoja kwa vyumba viwili |
| Muuguzi | kila siku, asubuhi hadi jioni | asubuhi tu, siku 5 kwa wiki |
| Mtaalamu wa viungo | mara mbili kwa wiki | hayupo |
| Wahudumu usiku | 1 yuko macho, 1 amelala. Wakazi 38 | 2 wako macho. Wakazi 21 |
| Kengele tatu nilizozipima | dakika 17, 9, 12 | dakika 4, 6, 11 |
| Rekodi ya walioanguka | "hatuna tatizo hilo" | nilionyeshwa daftari |
| Rekodi ya dawa | safi | ina mapengo |
| Simu ya saa tisa usiku | iliita mpaka ikakatika | ilipokelewa |

Mistari mitatu ya juu imo kwenye vipeperushi. Hiyo mingine ilibidi niitafute.

Kinachoonekana, kinachofanyika, kinachotokea

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian alipendekeza ubora wa huduma za afya utazamwe kwa madirisha matatu: nyenzo zilizopo, namna kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa. Tangu nilipolisoma hilo sijaweza kutembelea nyumba ya wazee kama zamani. Ziara ya miadi inakuonyesha dirisha la kwanza tu. Unatembezwa kwenye vitanda, mapazia, ukumbi, chumba cha mazoezi. La pili unaliona ukikaa kimya mahali pamoja kwa saa nzima. La tatu usipouliza hutaambiwa.

Sisemi jengo halina maana. Vishikio vya ukutani vinavyofika hadi mlango wa choo, taa ya chini inayowaka mzee akikanyaga sakafu, zulia lisilokunjamana, maji ya bomba la kuogea yasiyomuunguza. Uingereza hutaka maji ya kuogea kwa watu walio hatarini yasizidi nyuzi 44, na si vibaya kuuliza nyumba yako inapima vipi. Katika hayo Bustani ilishinda bila ubishi. Bafu lao limepangwa na mtu anayejua mgongo wa mzee ulivyo. La Baraza lina kizingiti cha sentimita chache ambacho kilinikosesha usingizi, mpaka waliposawazisha kwa simenti baada ya sisi kulalamika.

Kuhusu harufu, watu hushauriana: ukisikia harufu ya mkojo, kimbia. Mimi siamini hivyo moja kwa moja. Kwenye nyumba ya watu ishirini wasiojiweza vizuri, harufu ya kona moja kwa dakika kumi ni ajali iliyotokea sasa hivi. Harufu iliyoenea kila mahali, tena asubuhi na jioni, hiyo ni ya watu wanaosubirishwa. Na manukato makali kupita kiasi ukumbini nayo yana maswali yake.

Zamu

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ningerudia ningetumia zaidi.

Bustani waliniambia wana mhudumu mmoja kwa kila wakazi watano. Ilinipendeza mpaka nilipouliza hesabu hiyo imewahusisha akina nani. Ilikuwa imemjumlisha meneja, mpishi, wa mapokezi, na mtunza bustani. Nikauliza tena kwa maneno mengine: usiku wa jana, saa nane, walikuwa wangapi, wako macho, wanaoweza kumgusa mkazi? Jibu likawa mmoja. Wa pili hulala chumba cha nyuma na huamshwa ikibidi. Kwa wakazi 38.

Fikiria hesabu yenyewe. Mzee mmoja akiamshwa, akaketishwa, akapelekwa chooni, akasubiriwa, akasafishwa, akarudishwa kitandani, dakika kumi na tano zimekwenda. Watatu wakiita kwa pamoja, wa mwisho anasubiri nusu saa, au anaamua kuinuka mwenyewe. Mama yangu ni wa kuinuka mwenyewe.

Kengele sikuzibonyeza mimi. Nilikaa koridoni, taa ya juu ya mlango wa mtu ikiwaka natazama saa. Mara tatu kwa kila nyumba si utafiti, lakini ni zaidi ya neno la meneja. Baraza nao kuna mmoja aliyesubiri dakika 11, nami nimeiandika. Tofauti niliyoiona ilikuwa ndogo, ila ya aina ile isiyosahaulika: mhudumu wa Baraza aliyekuwa na kazi alichungulia mlangoni na kusema, "Nimekusikia mzee, namalizia kwa jirani nakuja." Wa Bustani alipita chini ya taa iliyowaka bila kuinua macho. Sikumchukia. Alikuwa amebeba mashuka ya watu wanne.

Uliza pia waliokuwa hapo mwaka jana ni wangapi. Mhudumu anayemjua mzee huona mambo ambayo daktari hayaoni: leo hajamalizia chai yake, leo anavuta mguu, leo amekuwa mkimya. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mzee mara nyingi hayaji na homa wala maumivu ya wazi. Huja na kuchanganyikiwa kwa ghafla, na anayegundua ni yule aliyemzoea. Baraza, wahudumu saba kati ya tisa walikuwa wamezidi miaka miwili. Bustani hawakunipa idadi, ila nilihesabu: kwa ziara tatu sikukutana na sura ileile mara mbili isipokuwa muuguzi na mtu wa mapokezi.

Simu ya saa tisa usiku? Bustani haikupokelewa. Huenda yule mmoja alikuwa na mkazi mikononi, na pengine alifanya vizuri kumpa mkazi kipaumbele. Baraza ilipokelewa na sauti iliyohema kidogo: "Nina mtu bafuni, nikupigie baada ya robo saa?" Akapiga.

Nyumba ambayo hakuna anayeanguka

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa ni wenye zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo nilipouliza kuhusu kuanguka, jibu la Bustani, "hatuna tatizo hilo", lingepaswa kunituliza. Likanitia wasiwasi. Wazee 38 wanaotembea huanguka. Wasipoanguka, ama hawatembei, ama hawaandikwi.

Nikaanza kutazama viti. Vinne vilikuwa na meza ndogo iliyofungiwa mbele, ya namna ambayo mzee hawezi kuiondoa mwenyewe. Si kamba, na hakuna aliyeiita kamba. Lakini mtu asiyeweza kuinuka kwenye kiti amefungwa, hata mbele yake kukiwa na kikombe cha juisi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1987 inayowapa wakazi wa nyumba za uuguzi haki ya kutofungwa, kwa kifaa wala kwa dawa, kwa ajili ya kuwarahisishia kazi wahudumu. Sababu yake si utu peke yake. Anayekalishwa siku nzima misuli yake hunyauka, na siku akiinuka huanguka vibaya zaidi.

Baraza walinifungulia daftari. Mwezi uliotangulia walianguka wawili, mmoja akielekea chooni, mwingine akivaa viatu. Pembeni pameandikwa kilichobadilishwa: taa imehamishwa, kiti cha kuvalia viatu kimeongezwa. Maandishi mabaya, kurasa zimechanika. Ndiyo karatasi iliyonishawishi kuliko zote nilizoonyeshwa.

Kuna na suala la nepi, ambalo familia nyingi zinaona aibu kuliuliza. Liulize. Mzee anayejua haja imemjia, lakini anavalishwa nepi kwa kuwa hakuna wa kumpeleka, baada ya muda hupoteza uwezo aliokuja nao. Nilimuuliza meneja wa Bustani: mama akiingia hapa bila nepi, baada ya miezi mitatu atakuwa wapi? Akajibu kwa uaminifu uliomshinda hata yeye mwenyewe: "Usiku huwa tunawavalisha wote, ni salama zaidi." Mama alikuwepo. Alitazama pembeni, na ninavyomjua, nyumba hiyo kwake iliishia hapo.

Vidonge

Hapa Baraza ilishindwa, na sina haja ya kuipamba.

Daftari lao la dawa huandikwa kwa mkono, na kwenye ukurasa nilioonyeshwa visanduku viwili vilikuwa vitupu. Dawa imetolewa ikasahaulika kusainiwa, au haikutolewa? Hawakujua. Bustani walikuwa na rekodi safi, dawa iliyokataliwa imeandikwa imekataliwa na kwa nini, na mfamasia hupitia orodha ya kila mkazi kila baada ya miezi mitatu. Kwa mzee anayekunywa dawa tano au zaidi, jambo hilo peke yake laweza kuamua.

Swali la pili la dawa ni gumu zaidi kuuliza: ni wakazi wangapi wanapewa dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa huo? Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito kwamba dawa hizo mpya za wakati huo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hadi kwenye zile za zamani. Bado hutumika, kwa kuwa mzee anayepiga kelele akinyweshwa hunyamaza. Ukumbi uliotulia mno saa nne asubuhi, watu wanasinzia mbele ya televisheni, ni wa kuutazama mara mbili. Nilikuwa na shaka hiyo na Bustani. Muuguzi wao aliijibu vizuri: alikuwa na idadi, alijua ni akina nani, na wawili walikuwa wakipunguziwa. Sikutarajia, na nilimheshimu kwa hilo.

Mezani, na mwilini

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri kote kuwili. Nilitazama zaidi wanaolishwa. Mlishaji ameketi au amesimama? Anasubiri mdomo umeze, au kijiko cha pili kimeshafika? Meno bandia yako mdomoni au yamesahaulika kwenye glasi chumbani? Kikombe cha maji kiko mkono unapofika? Kiu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, hivyo mzee asiyeomba maji huenda anayahitaji vilevile. Nyumba hizi mbili zilikaribiana, na siku ile ya katikati ya wiki Bustani walikuwa mbele kidogo.

Omba kuona uzito unavyoandikwa. Mkazi akipoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja au asilimia 10 kwa miezi sita bila kukusudia, lazima mtu awe ameuliza kwa nini. Zote mbili hupima kila mwezi. Kwa upande wa ngozi, uliza wana wakazi wangapi wenye vidonda vya kulalia, na vilianzia wapi, hapo au hospitali. Jibu la "hakuna" linaweza kuwa kweli. La "mmoja, alikuja nacho, hiki hapa kipimo chake cha kila wiki" ni bora zaidi.

Ripoti na maneno ya watu

Penye mamlaka ya ukaguzi, soma ripoti, lakini soma na tarehe yake. England wakaguzi huuliza maswali matano: je, huduma ni salama, inafaa, ina upole, inaitikia mahitaji, inaongozwa vema? Kisha hutoa moja ya madaraja manne. Marekani huzipa nyumba za uuguzi nyota hadi tano tangu 2008, ila nyumba za usaidizi hazimo kwenye mpango huo. Hizo husimamiwa na kila jimbo kwa sheria zake. Kwa hiyo hata penye mfumo mkubwa, hakikisha aina ya nyumba yako imo ndani yake.

Katika ripoti natafuta kosa lililojirudia. Kosa la mara moja ni tukio. Likitokea ukaguzi huu na uliopita na ule wa kabla yake, ni desturi ya nyumba. Bustani walikuwa na ripoti ndefu na nzuri, ila upungufu wa wahudumu wa usiku ulitajwa mara mbili mfululizo. Baraza walikaripiwa kwa kumbukumbu za dawa, mara mbili vilevile. Sawasawa na nilichokiona kwa macho yangu, ajabu kidogo.

Familia nyingine ni chanzo kizuri, mradi usiwahoji ofisini. Wasubiri nje, wakitoka. Usiulize kama wanaridhika, maana karibu kila mtu atasema ndiyo. Ni vigumu kukiri umemuweka mzazi wako mahali pabaya. Uliza mara ya mwisho walipolalamika ilikuwaje. Mwanamume mmoja pale Bustani alinijibu kwamba hulalamika kwa barua pepe na hujibiwa siku hiyohiyo, kwa lugha nzuri sana. Nikamuuliza na kilichobadilika. Akafikiri.

Kuhusu ukatili, Shirika la Afya Duniani limeripoti kwamba katika tafiti za nyumba za kulea wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri kumtendea mkazi vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Kunyimwa, kupuuzwa na kukaripiwa pia vimo humo. Takwimu hiyo imenifanya niogope kidogo watu wabaya na niogope sana zamu ndefu zisizo na mwenza.

Mkataba

Soma sehemu tatu kwa kalamu mkononi: ada hupandishwaje msaada ukiongezeka, chumba hushikwaje mkazi akilazwa hospitali, na ni hali gani itawafanya wamwambie ahame. Mengine ni ya kawaida.

Bustani wana ngazi tano za msaada, na tathmini ya kupanda ngazi hufanywa na wao wenyewe. Baraza wana ada moja, lakini mkataba unasema wazi: mkazi akihitaji watu wawili kumwinua, au sindano ya insulini mara kadhaa kwa siku, itabidi ahamie kwingine, kwa taarifa ya siku 30. Hilo ni zito. Bustani wangeendelea kukaa naye. Mzazi wako akiwa na kisukari kinachosumbua, au ugonjwa unaojulikana utampeleka huko, ningesema nenda Bustani, kisha pambana nao kuhusu zamu ya usiku.

Hodi

Tulimpeleka mama kote kuwili, kila mahali nusu siku. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha jaribio walilofanya kwenye nyumba moja ya wazee Marekani: kundi moja likahimizwa kujiamulia mambo madogo na likapewa mmea wa kutunza, kundi jingine likaambiwa wahudumu watafanya yote. Waliojiamulia walikuwa wachangamfu zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumpima mama kwa mtazamo huo, niangalie kama anaulizwa aoge lini, akae wapi, ale nini.

Yeye alikuwa na kipimo chake. Tukiwa kwenye gari nilimuuliza ameonaje. Akasema Bustani wameingia chumbani walimomketisha mara tano, na mara nne hakuna aliyebisha. Wanamwita "bibi", kama wanavyowaita wote. Baraza kijana mmoja alisimama mlangoni, akabisha hodi, akasubiri aitikiwe karibu, ndipo akaingia. "Shikamoo mama. Tukuiteje hapa?" Mama amefundisha shule miaka 31. Akamwambia. Tangu hapo ni Mwalimu.

Amekaa miezi minane sasa. Dawa zake tunaziagiza zikiwa zimefungwa kwa vipakiti vya kila siku, ili daftari likisahaulika pakiti itueleze. Ameanguka mara moja, mchana, nasi tulipigiwa simu kabla ya nusu saa kuisha. Kifaa chake cha kusikia kimepotea, kikapatikana ndani ya foronya kule kufulia. Naenda siku zisizofanana, mara nyingi Jumapili jioni.

Juzi mhudumu alinivuta kando akaniambia kuinuka kwa Mwalimu kumeanza kuwa kuzito, mguu wa kushoto hasa, na kwamba wameliandika. Tumeomba mtaalamu wa viungo aje kutoka nje, kwa gharama yetu. Namba ya Bustani sijaifuta kwenye simu.